Siki ni ya Chokaa, si ya Kila Uchafu

Tunazungumza na wafugaji wa samaki wa mapambo, wale wenye tangi la kioo sebuleni, dukani au kwenye ukumbi wa hoteli, na tunazungumzia ule ukoko mweupe unaojishika kwenye kioo pale juu kidogo ya usawa wa maji. Unaujua. Unausugua kwa sponji, hautoki. Unausugua kwa kitambaa chenye maji, kioo kinang'aa, unafurahi, halafu kikikauka ukoko uko palepale. Hapo ndipo mtu anapoondoka kwenda jikoni au chooni kutafuta kitu kikali. Swali letu leo ni hilohilo: kitu gani, na kikali kiasi gani? Mimi nina hoja moja ya kuitetea, nayo ni hii: kwa ukoko huu, asidi dhaifu iliyopewa muda ni bora kuliko asidi kali iliyopewa haraka. Na hiyo asidi dhaifu, iwe siki au ndimu, ina kazi moja tu kwenye tangi la samaki: kuondoa chokaa, tena nje ya maji wanamoishi samaki. Nitalirudia hili mara kadhaa, mnivumilie, maana makosa mengi yanatokana na kulisahau.

Tuanze na ukoko wenyewe. Unatoka wapi? Maji ya sehemu nyingi ni maji magumu, yaani yamepita kwenye mawe yenye chokaa na kuibeba ikiwa imeyeyuka, huioni kwa macho. Anayechota kisimani Mombasa au Unguja anachota maji yaliyokaa ndani ya miamba ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa tupu. Ukiyatia maji hayo kwenye tangi, kila siku sehemu yake inakuwa mvuke na kupaa. Maji yanapaa, chokaa haipai. Inabaki pembezoni, kwenye kioo, kwenye mfuniko, kwenye mdomo wa pampu, na inaganda. Ni kitu kilekile kinachojenga gamba jeupe ndani ya birika la chai. Na kuna wafugaji ambao hawana njia ya kuukwepa ugumu huu wa maji, kwa sababu samaki wao wanautaka. Samaki wa mapambo wanaovuliwa Kigoma na Burundi na kusafirishwa mpaka Ulaya wamezoea maji ya Ziwa Tanganyika, ambayo ni magumu na yana magadi kiasi cha pH karibu na 9. Mtu wa Ujerumani anayewafuga samaki hao anayafanya maji yake kuwa magumu kwa makusudi, na ukoko unamfuata kama unavyomfuata mwenye kisima cha Pwani.

Sasa kabla hujanunua siki, hakikisha kwamba adui ni chokaa kweli. Mwenye tangi la maji ya bahari huona unga mweupe kwenye kingo na kwenye nyaya akadhani ni chokaa, kumbe ni chumvi. Pima hivi: lowesha kitambaa kwa maji matupu na ukishikilie pale kwa dakika moja au mbili. Unga ukiyeyuka, ni chumvi, na siki huihitaji. Usipotoka, dondosha tone moja la siki, kisha sogeza jicho karibu. Utaona mapovu madogo madogo yakichomoza kwenye ule weupe, mengine yakikua na kupasuka, mengine yakipanda na tone. Hiyo ni gesi ya kaboni dayoksaidi, ileile inayotia mapovu kwenye soda. Asidi imekutana na chokaa, chokaa imevunjika, gesi imetoka, na kilichobaki ni chumvi ya kalsiamu inayoyeyuka majini na kusuuzika kirahisi. Ukiyaona mapovu hayo umepata jibu: ni chokaa, na siki inaimudu.

Mapovu hayo yanatufundisha jambo la pili, na hapa naomba tutulie kidogo. Siki ya mezani kwa kawaida ina asidi ya asetiki kiasi cha asilimia 5 hivi. Asidi hiyo inatumika na kwisha. Kikombe kimoja cha siki, tuseme robo lita, hata kikifanya kazi mpaka tone la mwisho, kitayeyusha chokaa ya gramu 10 hivi tu. Kwa hiyo mtu anayepaka siki kidogo kwenye ukoko mnene, akasubiri nusu saa, akaona umebaki, anasema siki haifai. Siyo kwamba haifai; imekwisha. Mapovu yamekoma, ukoko upo: maana yake asidi imeliwa yote na chokaa imebaki na njaa. Mwaga hiyo, weka nyingine. Na tatizo la pili ni kwamba siki ikipakwa kwenye kioo kilichosimama inateremka na kukauka kabla haijafanya lolote. Dawa yake ni kuishikilia mahali pake. Chukua karatasi laini ya jikoni au kitambaa chepesi, kichovye kwenye siki, kikamue kidogo kisidondoke, ukibandike juu ya ukoko. Kiache saa moja. Kama ukoko ni wa miezi mingi, badilisha kitambaa na urudie. Halafu futa kwa kitambaa chenye maji safi. Utakuta kile ulichokuwa ukikikwangua kwa jasho kinatoka kwa kidole. Muda ndio umefanya kazi, si nguvu.

Najua kuna anayesema: mbona unatuchosha? Dawa ya kusafishia choo ipo, inamaliza kazi ile kwa dakika mbili. Ni kweli, na sitaki kumdanganya mtu. Nyingi kati ya dawa hizo zina asidi ya haidrokloriki, ambayo inaila chokaa haraka sana. Lakini jiulize, chupa ile ina nini kingine? Ina rangi, ina manukato, ina sabuni ya kuifanya iwe nzito ishike kwenye sinki la choo. Vitu hivyo vilitengenezwa kwa ajili ya chombo ambacho hakuna kiumbe anayepumua ndani yake. Samaki anapumua kwa mashavu, na sabuni hata kidogo inayavuruga mashavu hayo. Siki ikisuuzwa vibaya inabaki siki kidogo, jambo ambalo tutaliona si la kutisha sana. Dawa ya choo ikisuuzwa vibaya inabaki sabuni, na sabuni haikusamehe. Tena asidi ile kali inashambulia chuma na mvuke wake unachoma pua na macho. Kwa faida gani? Kuokoa saa moja ambayo hukuwa unafanya kazi, kitambaa ndicho kilichokuwa kikifanya.

Mwingine atakuja na asidi ya betri, akisema hiyo ndiyo kali kuliko zote. Hapa kuna ushahidi mzuri kwamba ukali si hoja. Asidi ya betri ni ya salfa. Ikikutana na chokaa inatengeneza jasi, na jasi haiyeyuki vizuri majini. Basi inajipaka juu ya ukoko na kuukinga, na kazi inadorora. Umehatarisha ngozi na macho yako, ukapata ukoko uliovaa koti. Vivyo hivyo wale wanaomimina kola. Kola ina asidi ya fosforiki, ndiyo, lakini pia ina sukari, na fosfeti inayobaki kwenye kifaa ni chakula cha mwani. Unaondoa weupe leo, unapanda kijani kwa kesho. Na dawa za kuondolea kutu msiziguse kabisa kwa kazi hii. Baadhi yake zina asidi ya haidrofloriki, ambayo inakula kioo chenyewe na kupenya kwenye mwili wa binadamu.

Sasa pingamizi kutoka upande wa pili. Kuna wafugaji waangalifu wanaosema siki ni sumu, ikidondoka tone tu samaki wanakufa. Je, ni kweli? Fikirieni yale maji magumu tuliyoyasema. Ile chokaa iliyoyeyuka ndani yake ndiyo inayoipokea asidi na kuituliza. Kijiko kimoja cha chakula cha siki kikianguka kwenye tangi la lita 100 lenye maji magumu, pH haitayumba kwa kiasi cha kuwasumbua samaki. Lakini sikilizeni vizuri: nimesema maji magumu. Kama unafuga samaki wanaopenda maji laini, au unatumia maji ya mvua matupu, akiba hiyo ya kuituliza asidi ni ndogo, na kijiko hichohicho kinaweza kula sehemu kubwa yake. Ndipo pH inaposhuka ghafla, na samaki huumizwa zaidi na ughafla. Kwa hiyo tone si msiba, ila mazoea ya kumimina ni hatari. Ukisafisha kioo cha tangi lenye samaki, punguza maji kwanza mpaka yawe chini ya ukoko, kamua kitambaa, na weka kingine kikavu chini yake cha kudaka matone. Siku nzuri ya kufanya hivyo ni ile ya kubadilisha maji, kwa sababu maji yameshapungua na mapya yanakuja.

Hapo tena mjuzi atanipinga: mbona wafugaji wa matumbawe hutia siki ndani ya tangi kwa makusudi? Wanatia, ni kweli. Wanawalisha bakteria, ili bakteria hao wakizaliana wavute naitreti na fosfeti kutoka majini. Lakini wanapima kwa mililita, wanaanza na kidogo sana na kuongeza polepole, wana mashine ya kutoa povu na hewa ya kutosha, kwa sababu bakteria wakishiba siki wanazaliana kwa kasi, maji yanakuwa meupe na oksijeni inapungua. Yaani hata hao wanakubaliana nami: siki ndani ya maji ni chakula cha bakteria. Mwenye tangi la sebuleni asiyepima chochote hana sababu ya kuwalisha.

Na gundi je? Wengi wanaogopa kwamba siki itayeyusha ile silikoni inayoshika vioo, usiku wa manane maji yote yawe kwenye zulia. Aliyewahi kutengeneza tangi anajua kwamba silikoni inayotumiwa sana ikiwa inakauka inatoa harufu ya siki. Harufu hiyo ni asidi ya asetiki yenyewe, inatoka kwenye gundi inapokomaa. Siki ya kitambaa kwa saa moja haiitishi. Kinachoikata gundi ni wembe wa kukwangulia unaopitishwa ovyo kwenye pembe za tangi. Hivyo anayeacha siki kwa kuogopa gundi, akachukua wembe, amekimbilia palepale penye hatari.

Kuna vitu, hata hivyo, ambavyo siki haipaswi kuvigusa. Kumbukeni hoja yetu: siki ni ya chokaa. Haijui kuchagua chokaa ya uchafu na chokaa ya pambo. Jiwe la chokaa, kipande cha tumbawe, magamba ya konokono, vyote kwake ni ukoko tu. Kule Ziwa Tanganyika kuna samaki wadogo wanaoishi na kutaga ndani ya magamba matupu ya konokono, na wanaowafuga huwawekea magamba hayo sakafuni mwa tangi. Ukiyaloweka kwenye siki ili yawe meupe, yatatoa mapovu vizuri kabisa, na kila povu ni sehemu ya nyumba ya samaki inayoondoka. Kingo zinakuwa nyembamba, uso unakwaruza. Magamba hayo yachemshwe kwa maji matupu na kusuguliwa kwa brashi, basi. Kadhalika sponji ya chujio. Ndani ya sponji ile wanaishi bakteria wanaogeuza amonia inayotokana na kinyesi cha samaki iwe kitu kisichowadhuru sana. Ukiitia kwenye siki umewaua wafanyakazi wako wote. Sponji ikamuliwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa kwenye tangi, irudi.

Lakini pampu, hapo siki ni mahali pake hasa. Pampu inayopiga kelele au kutoa maji kwa kusuasua mara nyingi haijafa. Imekabwa na chokaa. Chomoa umeme kwanza, na ninasema chomoa, si kuzima swichi. Fungua mdomo wake, uvute ile feni ndogo yenye sumaku. Utaona pete nyeupe kwenye mhimili na ndani ya tundu inamokaa. Loweka sehemu hizo kwenye siki iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, nusu saa hadi saa moja, kisha pitisha brashi kuukuu ya meno. Itazame sumaku kabla ya kuiloweka: ikiwa ganda lake limepasuka na kutu inatoka, hiyo ni ya kubadilisha, siki itaizidishia kutu. Nyaya na plagi zisilowekwe kamwe. Hita nayo, ichomoe umeme na uiache ipoe robo saa ndani ya maji kabla ya kuitoa, kioo chake kikitoka cha moto kinapasuka. Ukimaliza, suuza kila kitu kwa maji mengi mpaka harufu iishe. Pua yako hapa ni kipimo cha kutosha.

Asiyependa harufu ya siki ana njia nyingine: ndimu ya unga, ile inayouzwa kwa wapishi. Vijiko viwili vya chakula kwenye lita moja ya maji ya vuguvugu vinafanya kazi nzuri. Maji yasiwe ya kuchemka, kwa sababu chumvi inayopatikana kwa asidi hiyo na kalsiamu huyeyuka kwa shida zaidi kwenye maji ya moto, unaweza kujikuta umeondoa weupe mmoja ukapata mwingine. Ndimu ya kukamua nayo ina asidi ya kutosha, ila ina sukari na nyuzinyuzi, inataka kusuuzwa zaidi. Na siki, nunua nyeupe ya bei nafuu. Ile ya rangi au ya matunda bakini nayo kwenye kachumbari.

Sasa nifike kwenye jambo zito kuliko yote niliyosema. Kuna anayeona siki haikuondoa mwani wa kijani, akaamua kuongeza dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ile wengi tunayoiita jiki. Msikilizaji, usichanganye. Usichanganye siki na jiki, usichanganye ndimu na jiki, usichanganye dawa ya choo na jiki. Asidi ikikutana na jiki inatoa gesi ya klorini. Hii ni gesi iliyotumiwa kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza. Kwenye bafu dogo lisilo na dirisha haihitajiki nyingi ili kukuumiza mapafu. Kuna wakati klorini inahitajika kweli, kwa mfano samaki wamekufa kwa ugonjwa na unataka kuua vijidudu kwenye tangi tupu. Siki si dawa ya kutegemea kwa kazi hiyo. Basi ziwe kazi mbili, siku mbili, ndoo mbili, na kusuuza kwingi katikati. Ukisikia harufu kali ya klorini wakati wowote, acha kila kitu, toka nje upate hewa, na waondoe watoto.

Na wale wanaochanganya siki na soda ya kuokea, wao hawajihatarishi, wanapoteza siki tu. Mapovu ni mengi, yanapendeza, lakini asidi imemalizwa na soda kabla haijafika kwenye ukoko. Mwani wa kijani kwa upande wake hautaki asidi yoyote. Unataka sponji, mwanga kupunguzwa na chakula cha samaki kisizidishwe.

Je, ukoko unaweza kuzuiwa usije kabisa? Hapana, ila unaweza kucheleweshwa. Funika tangi, maji yasipae mengi. Unapojazia maji yaliyopungua, usijazie kwa yale magumu, maana kila ndoo inaongeza chokaa juu ya chokaa. Jazia kwa maji laini, kama ya mvua uliyoyakinga baada ya mvua ya kwanza kuosha paa. Kubadilisha maji ni jambo jingine, hapo tumia yale samaki wako waliyoyazoea. Futa kioo kila wiki ukoko ukiwa bado laini. Ukiwa umenunua tangi kuukuu, ukaliwekea siki mara tatu, mapovu hakuna tena na bado kuna ukungu mweupe usiofutika, jua kwamba chokaa imeshatoka na kioo chenyewe kimelika. Siki haiwezi kukirudisha. Jaza maji yapite usawa wa ukungu huo. Kioo kikilowa, mara nyingi ukungu hauonekani.